Muungwana, Mshenzi na Mtwa: Nadharia za Mabadiliko ya Utamaduni na Historia ya Wawindaji wa Kabambare

Tarehe 21 Septemba 1869 msafara wa wafanyabiashara kutoka pwani, ukifuatana na mmisionari mmoja Mskoti aliyekuwa amedhoofika kwa maradhi, uliingia katika mji ambao mmisionari huyo aliuandika katika daftari lake kwa jina la Bambarre. Mji huo ndio Kabambare ya leo, kusini mwa Maniema, kwenye njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuelekea Kasongo na Nyangwe. Mtawala aliyetarajiwa kuwapokea wageni, ambaye David Livingstone alimwandika Moenékuss, alikuwa amekwisha kufariki, na wanawe wawili ndio waliokalia nafasi yake. Livingstone alieleza kwamba maana ya jina hilo ni bwana wa kasuku, yule wa rangi ya kijivu mwenye mkia mwekundu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji msaada mkubwa kuuona undugu wa moene na mwenye, au wa kusu na kasuku. Hata hivyo, watu wa pwani waliokuwamo katika msafara ule hawakuuona undugu huo, au waliuona wakaupuuza. Kwao watu wa Bambarre walikuwa washenzi.

Makala haya yanachunguza nadharia ambazo wanaanthropolojia wamezitumia kueleza jinsi utamaduni unavyobadilika, hususan nadharia zihusuzo jamii zinazoishi kwa kuwinda, kuvua, kurina asali na kukusanya mazao ya porini, na kuzipima kwa historia ya eneo la Kabambare na majirani zake. Sababu ya kulichagua eneo hili ni kwamba hapa nadharia ya mabadiliko haikuletwa na Wazungu peke yao. Lugha ya Kiswahili yenyewe ilifika Maniema ikiwa imebeba nadharia kamili ndani ya maneno matatu: ushenzi, uungwana na ustaarabu.

Ngazi mbili

Mwaka 1877, mwaka uleule ambao Henry Morton Stanley alifika Boma baada ya kuufuata mto kutoka Nyangwe hadi karibu na bahari, Lewis Henry Morgan alichapisha huko Marekani kitabu chake kuhusu jamii za kale. Katika kitabu hicho historia ya wanadamu wote iligawanywa katika vipindi vitatu vikuu, yaani ushenzi wa asili, ujima wa makabila yaliyoanza kufinyanga vyungu, kulima na kufuga, na hatimaye ustaarabu wa maandishi. Vipindi viwili vya mwanzo navyo viligawanywa kila kimoja katika ngazi tatu. Mwindaji alikaa chini kabisa. Aliyevumbua upinde na mshale alipanda kidogo, aliyefinyanga chungu alipanda zaidi. Kwa mujibu wa nadharia hii jamii ya wawindaji iliyopo leo ni kioo cha jamii ya mkulima ilivyokuwa zamani, na mabadiliko ni safari ya njia moja isiyo na kurudi nyuma.

Inafaa kuilinganisha ngazi hiyo na ile ya Kiswahili. Asili ya neno ustaarabu ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya Mwarabu au kuwa kama Mwarabu. Kwa hiyo tangu mwanzo ni jina la mwendo wa kubadilika wala si la hali ya kuzaliwa nayo. Muungwana kwa asili ni mtu huru, asiye mtumwa. Lakini katika bara, kuanzia miaka ya 1860, maana hiyo ilipanuka kwa namna ya kushangaza. Waungwana wakawa watu wote wa msafara, wapagazi na askari, na hata watumwa wa mabwana wa pwani walijiita waungwana mbele ya watu wa vijiji walivyovipita. Mtumwa aliyeitwa mtu huru kwa sababu tu alikuwa amevaa kanzu, anasema Kiswahili na anabeba bunduki: hapo ndipo ilipoonekana nguvu ya nadharia hii. Kijana aliyetekwa karibu na mto Luama aliweza, katika muda wa miaka kumi hivi, kupata jina la Kiislamu, kula wali, na kurudi katika vijiji vya jirani zake wa zamani akiwaita washenzi. Jina la Kingwana, ambalo Kiswahili cha Kongo ya Mashariki kilipewa, ni kumbukumbu ya mwendo huo. Vivyo hivyo Wamanyema wa Ujiji, wa Buyenzi huko Bujumbura na wa Dar es Salaam ni wazawa wa watu wa makabila mbalimbali ambao jina moja liliwakusanya njiani.

Tofauti kati ya ngazi hizi mbili ni ya muda. Ngazi ya Morgan hupandwa na jamii nzima kwa maelfu ya miaka, ilhali ile ya Kiswahili ilipandwa na mtu mmoja mmoja katika umri wake. Lakini zinafanana katika jambo moja ambalo wachunguzi wengi wa uungwana hawakulitilia maanani. Mshenzi wa misafara alikuwa mkulima. Wabangubangu, Wabuyu, Wahombo na Wazimba walilima na kukaa katika vijiji vikubwa, na Livingstone alivisifu vijiji vya Manyema zaidi ya mara moja. Nyuma ya mkulima huyo, porini, alikuwapo Mtwa, ambaye ngazi ya Kiswahili haikumwekea hata kidato cha kukanyaga. Watu wa pwani walikuwa na neno mbilikimo, ambalo aghalabu lilielezwa kwa kupima kimo cha mtu, nalo lilikuwa neno la hadithi kuliko la biashara. Mshenzi aliweza kustaarabika. Mbilikimo alistaajabiwa tu.

Pembe isiyokuwa na thamani

Jambo moja katika maandishi ya Livingstone lilirudiwa sana na waliomfuata, nalo ni kwamba watu wa Manyema hawakuijua thamani ya pembe za ndovu, hata waliziacha zikaoza msituni mahali mnyama alipouawa. Habari hiyo ilipofika Ujiji iliwavuta wafanyabiashara kama nzi kwenye asali. Katika nadharia ya ngazi habari hiyo inaeleweka kirahisi: mtu wa ngazi ya chini hajui mali, na anahitaji kufundishwa.

Lakini kaskazini ya Kabambare, katika nchi ya Walega, pembe ilikuwa na thamani ambayo haikuweza kupimwa kwa shanga wala kwa nguo. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Walega katika miaka ya 1950 na kuuchapisha mwaka 1973, alionyesha kwamba katika chama cha bwami vinyago vidogo vya pembe vilikuwa alama ya daraja la juu kabisa, la kindi. Havikuwa vitu vya kuuzwa sokoni. Vilishikwa, vilipakwa mafuta, vilitumiwa kufundishia methali na mwenendo mwema, na mwenyewe alipofariki vilipita kwa mrithi aliyestahili. Zaidi ya hayo, katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati pembe iliyogusa ardhi ndovu alipoanguka ilikuwa haki ya mwenye nchi. Kwa hiyo pembe moja ilikuwa mali ya aliyeua na nyingine ilikuwa hati ya ardhi, ikimkumbusha mwindaji na mtawala ni nani aliyewatangulia wenzake mahali hapo. Alichokiona Livingstone kilikuwa mfumo mwingine wa thamani, ambao mizani ya Zanzibar haikuweza kuupima.

Mfumo huo ulivunjika haraka. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo katika Kiswahili, alijiimarisha Kasongo katikati ya miaka ya 1870, na Kabambare ikawa kituo cha njia ya kwenda ziwani. Pembe sasa zilidaiwa kama kodi. Mwindaji wa ndovu, ambaye zamani alitawaliwa na miiko na haki ya ardhi, akawa mtu wa kutafutwa na kulazimishwa. Tukio la Nyangwe la tarehe 15 Julai 1871 linajulikana sana, ambapo watu wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni, na Livingstone aliandika makadirio ya waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Daftari alilolitumia siku zile, kurasa za gazeti zilizoandikwa kwa wino wa mmea baada ya wino wake kwisha, lilisomeka kikamilifu mwaka 2011 tu, kwa msaada wa picha za miali mbalimbali ya mwanga, na lilionyesha ni kwa kiasi gani maandishi ya awali yalitofautiana na yale yaliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake.

Soko hilo la Nyangwe linastahili kutazamwa kwa sababu nyingine pia. Lilikuwa soko la zamu, la kila baada ya siku chache, lililowakutanisha Wagenya wavuvi wa Lualaba na wakulima wa ng'ambo zote mbili: samaki na vyungu kwa mihogo, mafuta na kuku. Mvuvi wa Kigenya hakuwa hatua ya nyuma katika safari ya kuelekea ukulima. Alikuwa mtaalamu wa mto aliyeishi kwa kuwategemea wataalamu wa shamba, nao wakimtegemea yeye. Ikiwa uhusiano huo uliwezekana mtoni, hapana sababu ya kudhani kwamba haukuwezekana msituni.

Kutoka ufukara hadi utajiri, na kurudi

Karne ya 20 ilileta nadharia nyingine. Julian Steward, katika kitabu chake cha mwaka 1955, aliikataa njia moja ya Morgan na kueleza mabadiliko kuwa ni njia nyingi, kila moja ikiongozwa na mazingira na zana za kupatia chakula. Mchango wake mkubwa ulikuwa kumfanya mwindaji awe mtu anayekabiliana na mahali maalumu, si mabaki ya zamani. Baadaye, mwezi Aprili 1966, wataalamu walikutana Chicago katika mkutano ambao kumbukumbu zake, zilizohaririwa na Richard Lee na Irven DeVore na kuchapishwa mwaka 1968, ziligeuza fani nzima. Lee alikuwa amewapima watu wa Dobe katika Kalahari na kuona kwamba walitumia saa 12 hadi 19 kwa wiki kutafuta chakula. Marshall Sahlins akawaita wawindaji jamii ya kwanza ya utajiri: hawana vingi kwa sababu hawahitaji vingi. Mfukara ghafla akawa tajiri.

James Woodburn, aliyeishi miongoni mwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania, aliongeza fikra iliyo makini zaidi. Katika makala yake ya mwaka 1982 alitofautisha jamii ambazo matunda ya kazi huliwa papo hapo na zile ambazo kazi ya leo huzaa baada ya miezi au miaka, kama shamba, mtumbwi au mizinga ya nyuki. Usawa wa Wahadzabe, kwa mujibu wake, haukutokana na umaskini. Ulilindwa kwa makusudi, kwa desturi ya kugawana nyama na kwa uhuru wa mtu kuhama kambi na kuwaacha wanaomsumbua. Hoja hii ina faida kubwa kwa mwanahistoria, kwani inamfanya mwindaji kuwa mtu aliyechagua, na aliyeukataa utawala akiujua.

Hata hivyo picha ya mwindaji tajiri na huru ilikuwa na kasoro yake: ilimwacha peke yake. Edwin Wilmsen, mwaka 1989, alidai kwamba watu wa Kalahari walikuwa kwa karne nyingi ndani ya mitandao ya biashara na ufugaji, na kwamba upweke wao ulikuwa matokeo ya kunyang'anywa. Mwaka huohuo Robert Bailey na wenzake walikwenda mbali zaidi kuhusu misitu ya mvua. Walidai kwamba hakuna ushahidi wa watu walioishi msituni bila kutegemea chakula cha wakulima, kwa kuwa wanga ni haba humo. Hoja hii, kama ingekubaliwa yote, ingewaondoa Watwa wa msituni katika haki ya utangulizi: wangekuwa wamemfuata mkulima, badala ya kumtangulia. Uchimbaji wa Julio Mercader katika Ituri baadaye ulionyesha kwamba watu waliishi huko maelfu mengi ya miaka kabla ya kilimo, na mjadala ukapoa, ingawa haukuzimika.

Kabambare hailingani barabara na pande zote mbili za mjadala huo, na ndiyo maana ina manufaa. Hapa ndipo msitu wa kaskazini unapoachana na nyika yenye miti ya kusini, ile inayojulikana Tanzania kwa jina la miombo, na mtu huweza kutoka katika mmoja na kuingia katika nyingine kwa mwendo wa siku moja. Watwa wa sehemu hizi, ambao upande wa Ziwa Tanganyika huitwa Bambote, si watu wa msitu mnene kama Wambuti wa Ituri walioandikwa na Colin Turnbull mwaka 1961. Hideaki Terashima, katika makala yake ya mwaka 1980 kuhusu Bambote wa magharibi ya ziwa hilo, aliwaeleza kama wawindaji wa nyika yenye miti, walioishi katika uhusiano wa kudumu na wakulima jirani zao. Nyama na asali zilitoka porini. Unga ulitoka shambani. Lugha waliyosema ilikuwa ya majirani hao.

Jambo hilo la lugha mara nyingi hutajwa kama ushahidi wa unyonge. Watwa hawana lugha yao, hivyo hawana historia yao. Wanaisimu hawana budi kulikataa hitimisho hilo. Kibangubangu, ambacho A. E. Meeussen alikieleza mwaka 1954, ni lugha ya Kibantu kama majirani zake, na Kiswahili kilipofika kilizikuta lugha zinazofahamiana kwa kiasi. Watu wengi wa Kabambare leo husema Kiswahili, na hakuna anayedai kwamba kwa sababu hiyo hawana historia kabla ya mwaka 1860. Mtwa alibadili lugha mapema zaidi, basi. Isitoshe, neno lenyewe Twa limeenea kutoka misitu ya Kongo hadi maziwa makuu na mbali kusini, na Kairn Klieman, katika kitabu chake cha mwaka 2003, amelitumia kueleza fikra ya Wabantu wenyewe kuhusu watangulizi. Mgeni hupata nchi kwa nguvu au kwa ndoa, lakini mizimu ya nchi humtambua aliyetangulia. Kwa hiyo Mtwa aliweza kudharauliwa kijijini na kuogopwa katika mambo ya ardhi, na yote mawili yalikuwa kweli siku moja.

Mwindaji mstaarabu

Kama ngazi ya Morgan na ngazi ya waungwana zote zilimweka mwindaji chini, je, wenyeji wa bonde la Lualaba walifikirije? Jibu moja limo katika masimulizi ya asili ya utawala wa Waluba, majirani wa kusini-magharibi, ambayo Thomas Reefe aliyachambua mwaka 1981 na Luc de Heusch kabla yake. Nkongolo alikuwa mtawala mkali asiye na adabu, aliyekula na kunywa hadharani. Akaja mgeni kutoka mashariki, ng'ambo ya Lualaba, Mbidi Kiluwe. Alikuwa mwindaji. Hakukubali kula mbele ya watu, hakucheka ovyo, na mwenendo wake ndio uliokuwa mfano wa adabu ya kifalme. Mwanawe, Kalala Ilunga, ndiye aliyemshinda Nkongolo na kuanzisha utawala mpya.

Wataalamu wamebishana iwapo masimulizi haya yanahifadhi kumbukumbu ya watu halisi au ni falsafa ya kisiasa iliyovikwa hadithi. Kwa madhumuni ya makala haya swali hilo si la lazima. La muhimu ni kwamba hapa kuna nadharia ya mabadiliko ya utamaduni ambayo inakwenda kinyume cha zile nyingine: adabu hutoka porini na kuja mjini, ikiletwa na mtu wa upinde. Ni ajabu kidogo kwamba Wazungu walioyakusanya masimulizi haya kwa bidii ndio haohao waliowaandika wawindaji kuwa watu wasio na historia. Bila shaka Mbidi Kiluwe si Mtwa. Ni mtoto wa mfalme anayewinda. Lakini uwindaji wake hauwezi kutenganishwa na haki yake ya kutawala, kama vile pembe iliyogusa ardhi isivyotenganishwa na mwenye nchi.

Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu misitu ya Ikweta, alipendekeza kwamba utamaduni ubadilikapo hufuata mapokeo: kiini cha fikra kinachodumu huku sura zake zikibadilishwa na watu wanaokabili mambo mapya. Mapokeo hufa pale tu watu wanapopoteza uwezo wa kujiamulia, na kwa maoni yake mapokeo ya Ikweta yaliuawa na uvamizi wa kikoloni uliokamilika karibu na mwaka 1920. Nadharia hii inafaa zaidi kuliko zilizotangulia, ingawa wawindaji walipata nafasi ndogo ndani yake. Ukiitumia Kabambare, unaona kwamba swali la msingi linahusu nani alikuwa na uwezo wa kuamua abadilike vipi. Lile la ngazi gani mtu amefikia linabaki nyuma.

Ngazi inapogeuka sheria

Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliiteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi Aprili, na Kabambare ikaanguka mwezi Januari 1894 wakati wa kushindwa kwa Rumaliza. Mji ulitekwa tena mwaka 1898, safari hii na askari wa dola hiyohiyo walioasi. Lakini tukio lenye uzito zaidi kwa wawindaji lilikuwa limekwisha tokea bila risasi hata moja na mbali sana na Maniema. Tarehe 1 Julai 1885 ilitolewa amri iliyosema kwamba ardhi isiyo na mtu ni ya dola.

Ni ardhi gani isiyo na mtu? Kijiji na shamba vilionekana. Njia ya mwindaji, mti wa nyuki wenye alama ya mwenyewe, bonde linaloachwa msimu mmoja ili wanyama warudi, hivyo havikuonekana. Nadharia ya ngazi, ambayo katika vitabu ilikuwa maoni tu, hapa ilipata muhuri: anayelima anamiliki, anayewinda anapita. Kuanzia mwaka 1917 serikali ya Kibelgiji iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyoamriwa, pamba na mpunga yakiwa mbele katika Maniema, na kijiji kisichohamahama kikawa sharti la utawala. Amri ya uwindaji ya mwaka 1937 iligawanya mwindaji na jangili kwa kibali na ada. Wakati huohuo Wakongo waliosoma walipangiwa ngazi yao wenyewe, kadi ya sifa ya kiraia mwaka 1948 na usajili mwaka 1952, ambapo afisa aliweza kuingia nyumbani kwa mtu na kukagua iwapo anakula kwa uma na kisu. Muungwana wa Kasongo, ambaye babu yake aliwaita wengine washenzi, sasa alijikuta akikaguliwa.

Uhuru haukuibadili hali hiyo kwa kadiri iliyotarajiwa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, ingawa ilitambua ardhi ambazo jamii za wenyeji hukaa, hulima au huzitumia kwa namna yoyote ile kufuatana na desturi zao. Maneno hayo, kwa namna yoyote ile, yangeweza kumfungulia mlango mrina asali. Haki zenyewe, hata hivyo, ziliachiwa amri ya rais, na amri hiyo haikutolewa katika miongo iliyofuata. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 iliendeleza mfumo wa vibali. Dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila, iliyochimbwa tangu enzi ya Wabelgiji na kurudiwa na kampuni kubwa katika karne hii, iliongeza dai jingine juu ya ardhi hiyohiyo, na vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwafukuza wakulima wengi kutoka mashamba yao. Waliokimbilia porini waligundua tena thamani ya viazi mwitu, uyoga na viwavi. Nadharia ya njia moja haina neno la kuwaelezea watu hao. Mkulima aliyeishi msimu mzima kwa kukusanya hajarudi katika enzi za kale, amekimbia bunduki.

Katika jimbo la Tanganyika, upande wa kusini wa mpaka wa Kabambare, mapigano kati ya Watwa na Waluba yalizuka kuanzia mwaka 2013 katika maeneo ya Nyunzu, Manono, Kalemie na Kabalo. Vijiji vilichomwa na maelfu ya watu wakahama. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo ujira duni, ndoa zilizokataliwa, na Watwa kunyimwa uongozi wa vijiji vyao wenyewe. Mwaka 2016, huko Kabalo, mapigano mapya yaliwashwa na ushuru uliodaiwa juu ya viwavi. Kwa mgeni jambo hilo lilionekana kama kichekesho, na baadhi ya magazeti ya nje yaliliandika hivyo. Lakini kiwavi hukusanywa juu ya mti, na mti uko juu ya ardhi. Anayelipa ushuru kwa mwingine ili aokote kiwavi amekiri kwamba mti si wake.

Tarehe 15 Julai 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipata sheria Na. 22/030 ya kulinda na kuendeleza haki za wale wanaoitwa, katika Kifaransa cha sheria hiyo, watu wa asili mbilikimo. Sheria hiyo inazitambua haki zao juu ya ardhi na mali asili wanazozitumia. Ili ifike vijijini kando ya Luama haina budi isemwe kwa Kiswahili, na hapo mfasiri hukutana na maneno yaleyale ya mwaka 1869. Mbilikimo ni neno la kimo na la hadithi. Mtwa ni jina ambalo wengine hulitumia kama tusi na wengine kama fahari. Liliobaki ni mwenyeji, neno zuri na jepesi. Lakini mwenyeji ndivyo Mbangubangu alivyojiita mbele ya muungwana wa msafara, na ndivyo anavyojiita leo mbele ya kampuni ya dhahabu.